Uji wa Asubuhi ya Kipimo

Barua ya kliniki ilisema wazi: siku mbili kabla ya kipimo, mgonjwa asimeze dawa yoyote ya kizunguzungu. Niliisoma mara mbili. Kisha asubuhi yenyewe nikasaga vidonge viwili vya kizunguzungu kwa mgongo wa kijiko, nikavikoroga kwenye uji wa mume wangu, nikazidisha sukari.

Msinikodolee macho. Zachariah ameendesha basi la abiria hapa Toronto miaka kumi na mmoja. Tangu Machi, akigeuza kichwa ghafla, dunia inamzunguka, na kazini wamemwambia bila majibu mazuri ya kipimo hiki cha masikio asahau leseni ya basi. Sisi tuliosomea Kisii tunajua mtihani ni wa kupita. Nani anampeleka mtu wake kwenye mtihani huku anayumba?

Mpimaji alikuwa Noreen, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, mvi tele na Kiswahili bado kizima. Alimlaza Zachariah, akamvika miwani mizito yenye kamera ndani. Zachariah akabaki gizani ndani ya miwani. Sisi tukayaona macho yake kwenye skrini, makubwa kama mayai.

"Bwana Zachariah, natia maji ya moto kidogo sikioni. Kizunguzungu kikija usiogope. Niongeleshe tu, usisinzie. Nitajie vituo vya basi lako."

"Martin Grove," akaanza. "Kipling. Islington. Royal York..."

Maji yakaingia. Nikaubana mkoba wangu kifuani. Macho kwenye skrini yakatulia tuli, na moyoni nikashangilia: amepita!

Noreen hakushangilia. Akapima sikio la pili, macho yakatulia vilevile. Akakunja uso, akakagua bomba, akakagua joto la maji, akarudia.

"Unasikia kuzunguka?"

"Hata kidogo, madam." Alitabasamu, maskini.

Noreen akanigeukia, akashusha sauti. "Mama, sikio lenye afya likipata maji haya, macho lazima yacheze. Ya kwake hayachezi, kulia wala kushoto. Nikiandika hivi, daktari atasema sehemu ya sikio inayoshika usawa wa mwili imekufa pande zote mbili. Basi hataendesha tena. Alimeza dawa yoyote?"

"Sijameza!" Zachariah akajibu kutoka kitandani kabla sijafungua mdomo. "Ile barua nimeifuata neno kwa neno. Muulize mke wangu, hawezi kukudanganya."

Kalamu ya Noreen ilikuwa juu ya karatasi. Nikinyamaza, kazi ya mume wangu imekwenda, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeizika. Nikisema, atajua nilichomfanyia jikoni. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Mimi nilimpa," nikasema. "Viwili. Leo asubuhi. Hakujua."

Noreen akaweka kalamu chini. Akasema kipimo hiki hakihesabiki, kitarudiwa baada ya wiki sita, na mpaka hapo hakuna basi. Zachariah akaivua miwani mwenyewe.

"Kwenye uji?"

"Kwenye uji, Baba Melissa."

"Na nikakusifu kwa ile sukari."

Kwenye korido nikampa mkono, kama kila siku tangu Machi, maana akiwa peke yake huyumba. Hakuushika. Aliegemeza kiganja ukutani, akaenda hatua moja moja hadi kwenye lifti, nami nikamfuata nyuma na koti lake.