Godhana Alipovuliwa Unahodha

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo sikuipenda ujanani, kwa sababu nilitaka sana kuwa nahodha, na kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kunitupia hiyo. Mimi ni Laban, mtu wa Chara, mvuta kamba wa kivuko cha Garsen, na mrushaji mpira mkali kuliko wote baina ya Wenje na bahari. Msinicheke. Nasema kweli tupu.

Kriketi ililetwa Garsen mwaka wa hamsini na nne na ofisa mmoja wa serikali, Mzungu kijana aliyevaa soksi za kufika magotini hata jua likiwa la kuua. Tulimwita Bwana Soksi, ila si mbele yake. Alikuja na sanduku la magongo, mipira migumu ya ngozi, na vijiti vya kusimamisha vitatu vitatu kila upande. Akatufundisha: mmoja anarusha mpira, mwingine analinda vijiti kwa gongo. Akiupiga mbali, anakimbia, na kila mbio inahesabiwa. Wenzake mrushaji wametapakaa uwanjani kuudaka, na mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka.

"Basi ni hayo tu?" akauliza Dahir, Msomali mwenye duka karibu na kivuko. "Kwa hayo tu watu wazima wanavaa nguo nyeupe?"

Ni yeye huyo huyo aliyekuja kuupenda mchezo kutushinda sote. Tulikuwa Wapokomo saba, Waorma wawili, na Dahir na shemeji yake. Uwanja ulikuwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, udongo mweusi wa mafuriko, tukausawazisha kwa kuvingirisha pipa lililojazwa mchanga.

Siku ya mechi yetu ya kwanza, na makarani waliokuja kwa lori kutoka Lamu, Bwana Soksi aliamka na homa. Akasema Godhana atuongoze, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa watu wake kivukoni. Godhana alikuwa nyapara wetu. Mtu mfupi, mzito wa maneno, hapigi kelele. Mimi niliona ajabu. Mwenye kelele si ndiye nahodha?

Sasa kazi ya kivuko niwaeleze kidogo, maana bila hiyo hamtanielewa. Siku hizo feri ilivutwa kwa mikono, kwa kamba nene iliyokatiza mto. Ikifika ukingoni lazima ifungwe barabara kabla gari halijapanda. Nyapara huuliza neno moja tu, "Imefungwa?" Aliyefunga hujibu "Imefungwa" au "Bado." Ukisema bado, hakuna wa kukucheka wala kukutukana, hata kama madereva kumi wanapiga honi. Kwenye kivuko kimoja huko juu ya mto, mtu aliona haya kusema bado. Feri ikateleza, lori likaingia majini na utingo wake. Tangu hapo swali hilo halidanganywi. Unaweza kumdanganya mkeo, unaweza kumdanganya hata padri, lakini si nyapara anapouliza vile.

Basi, mechi ile ya kwanza tulishindwa kwa mbio chache. Bwana Soksi alipopona akatukusanya. "Nawapa nafasi moja tena," akasema. "Mkishindwa na Lamu mara ya pili, nahodha nitakuwa mimi. Mtu wa hapa hawezi kuongoza wenzake. Mnapigiana kelele tu."

Lo! Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Mimi niliyekuwa nikimwonea Godhana wivu, siku ile wivu ulikwisha. Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka kula. Kumbe hatukuwa tunabishania mpira. Tulikuwa tunaulizwa kama tunaweza kujiongoza, na jibu lilikuwa juu ya kichwa cha Godhana.

Lamu wakarudi mwezi uliofuata. Tulipiga sisi kwanza, tukapata mbio themanini na saba. Dahir peke yake alipata thelathini. Mimi? Tuyaache hayo. Nilitaka kuupiga mpira ufike Kau, nikageuka nikakuta vijiti vyangu vimelala.

Ikawa zamu yao kupiga. Walikuwa na karani mmoja mnene, mpole, mwenye salamu ndefu, lakini akishika gongo si mwenzako. Tulimwita Bakora. Mipira yangu mitatu ya kwanza aliipeleka kwenye majani marefu. Damu ikanipanda.

"Walete watu karibu!" nikamwambia Godhana. "Tumzunguke, tumzibe pumzi!"

"Mto ukijaa, Laban, tunafanyaje na kamba?"

"Tunailegeza," nikasema kwa hasira, maana kila mtoto anajua. Ukiikaza mto ukija na nguvu zake, inakatika. Unaiachia kidogo, feri inashuka, halafu unavuta polepole.

"Basi legeza. Huyu mpe mbio moja moja. Akikimbia moja anahamia upande wa pili, mwenzake ndiye anakuja mbele yako. Wenzake ndio tutakaowala."

Akawatuma watu wote mbali. Nikarusha huku nimenuna kama bibi harusi wa kulazimishwa. Aka! Ikawa kama alivyosema. Bakora alipata mbio yake moja akavuka, na kila aliyekuja mbele yangu alikuwa anatetemeka. Wakaanza kutoka. Watatu, watano. Jilo, kijana wa Kiorma, akaponyokwa na mpira ambao hata bibi yangu angeudaka kwa ncha ya leso. Nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Godhana alimtoa Jilo pembeni akamweka palepale mipira ilipokuwa inakuja sana.

"Una wazimu?" nikamnong'oneza.

"Akienda kujificha leo, hatarudi," akanijibu.

Mpira uliofuata Jilo akaudaka kwa mkono mmoja. Ningefanya nini? Nilipiga makofi.

Ikafika wametoka tisa. Walibaki na mbio tatu washinde, sisi tulibaki na mtu mmoja tumtoe, maana mpigaji hachezi bila mwenzake. Mbele alikuwa Bakora. Godhana alinipumzisha akanipeleka mbali, mpira akampa Dahir. Dahir akarusha, Bakora akaupiga juu sana, ukawa unashuka upande wangu. Nilikimbia sijapata kukimbia vile. Nikajitupa mzima mzima, tumbo likaburura udongo, na mkono wangu ukafumba juu ya mpira.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa misheni, amesimama mbali. Akanyosha kidole juu. Bakora ametoka! Watu wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka ng'ambo. Bwana Soksi akainuka kitini akipiga makofi. Dahir alikuwa anakuja mbio, mikono imenyoshwa, anaita jina langu. Tumeshinda. Nahodha wetu amebaki nahodha.

Ila mpira ulikuwa umegusa chini. Kidogo tu, unene wa ukucha, halafu ndiyo nikaufumba. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi na Mungu. Na Mungu, nilijiambia, anajua dhuluma tuliyotendewa, hatajali ukucha mmoja.

Godhana alikuja hakukimbia. Aliutazama mkono wangu, mpira una tope jeusi upande mmoja. Akaniinamia, na kwa sauti ile ile ya asubuhi zote akauliza:

"Imefungwa?"

Nilitaka kusema imefungwa. Wallahi nilitaka, kama asemavyo Dahir. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini miaka mitano nilikuwa nimelijibu swali lile kila alfajiri, na mdomo wangu haukujua kulidanganya.

"Bado," nikasema.

Akanipa mkono nisimame. Akamwendea mwamuzi, halafu akamwita Bakora aliyekuwa nusu ya njia anavua glavu. "Rudi, bwana. Hukutoka."

"Godhana!" Dahir alishika kichwa. "Umelogwa? Mwamuzi amekwisha kuamua! Nani amekuuliza?"

"Rusha mpira, Dahir."

Akarusha. Bakora akaupiga chini chini, ukapita katikati yetu ukaingia majanini, nje ya mpaka. Mbio nne. Tumeshindwa.

Bakora alimshika Godhana mkono kwa mikono yake yote miwili, asimwachie. Bwana Soksi naye akaja. "Mchezo wa kiungwana, Godhana. Mzuri sana. Lakini nilisema, na nikisema nimesema. Mwakani nahodha ni mimi."

"Ndiyo, Bwana," akajibu Godhana.

Mtu mmoja akaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nusura nimtie ngumi. Nilimfuata Godhana mpaka ukingoni, machozi yananitoka, sioni haya kusema.

"Kwa nini uliniuliza? Ungeninyamazia tu! Umejivua mwenyewe, na sisi sote umetuvua!"

Alikuwa anaosha miguu. "Kesho lori la mahindi linavuka," akasema. "Nitakuuliza tena. Ungenidanganya leo, kesho ningeamini nini?"

Nililala na hasira yangu, nikaamka nayo, nikafunga kamba nayo. Akaniuliza, nikamjibu, lori likavuka.

Mwaka uliofuata Bwana Soksi akawa nahodha, shemeji yake Dahir akampisha. Mechi ya kwanza ilikuwa na timu ya Malindi, wao wapige mwanzo. Akasimama katikati, akaanza: "Wewe kule! Wewe huku! Upesi!" Kila aliyeambiwa, kabla hajainua mguu, alimtazama Godhana kwanza. Haukuwa ukaidi. Hatukupanga. Shingo zilijigeukia zenyewe.

Bwana Soksi aliona. Uso ukamwiva. Akamtuma Godhana mbali kabisa, kwenye vichaka vya miba, ambako mpira haukuwa ukifika.

Mimi nilifurahi. Nilimpitia nikamwambia, "Sema neno tu. Tutamfanyia mgomo mpaka aaibike mbele ya watu wa Malindi."

Ndipo nilipomwona Godhana amekasirika, mara ya kwanza na ya mwisho. "Nahodha ni mmoja, Laban. Nenda ulipotumwa. Na urushe vizuri."

Tukatii. Nilirusha kwa nguvu zangu zote, nawaapia. Lakini Bwana Soksi aliwarundika watu karibu na mpigaji, mpira ukawa unapita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Jilo akaponyokwa na mmoja, akakemewa mbele ya kadamnasi akafukuziwa pembeni, na kuanzia hapo mikono yake ikafa. Malindi wakafika mbio sitini, hajatoka hata mtu mmoja. Watazamaji wakaanza kucheka. Godhana alisimama mibani, macho yakiwa kwenye mchezo.

Kisha Bwana Soksi akasimamisha mchezo. Akauvuka uwanja mzima kwa miguu, watu wote wanamtazama, mpaka kwenye vichaka. Mimi nilimfuata kwa nyuma nikasikia kila neno.

"Godhana. Wewe unaona nini?"

"Bwana ananiuliza?"

"Nakuuliza."

"Watu wako karibu mno. Huyu mrefu apewe mbio moja moja, mwenzake ni mwoga. Jilo arudi mbele. Laban apumzike, amekasirika, na akikasirika anarusha juu."

Uongo mtupu, lakini sikupewa nafasi ya kujitetea.

Bwana Soksi akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja, na sisi tukamtazama Godhana. Hapo nadhani alielewa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye vitabu vya ofisini kwake. Akavua kofia akajifuta jasho.

"Waambie wewe," akasema. "Wanakusikia."

Godhana akatoka mibani. Hakupaza sauti. Alinyosha mkono huku na huku, na watu wakaenda, miguu myepesi, hata Jilo alikimbia. Uwanja ukapangika kabla hujahesabu ishirini. Alibaki mtu mmoja tu katikati ambaye hajui aende wapi, kofia mkononi.

"Na mimi, Godhana?" akauliza Bwana Soksi. "Nisimame wapi?"

Nilijua mahali pake, na nilitaka kumwonyesha mwenyewe: mibani kule, mpaka jioni! Godhana hata hakutazama upande ule.

"Simama hapa karibu nami, Bwana," akasema, "uone ninavyowaita."