Kaburi la Katibu Tuntufye

Landrova ya mahakama ilipoingia kijijini, upande wa Mpui huko Ufipa, watu waliacha majembe kwenye shamba la ujamaa wakakimbilia uwanja wa ofisi. Dominika alikwisha kufika kabla yao. Leo hakimu angeamua kama mama yake, Luciana, apelekwe kwa nguvu hospitali ya wagonjwa wa akili, huko Dodoma.

Kwamba mama anaumwa, Dominika hakubisha. Tangu walipohamishiwa hapa na nyumba yao ya zamani kubomolewa, mama aliongea peke yake, na siku nyingine alikataa kula. Lakini wiki hii alifanya kubwa zaidi: alilima uwanja wa ofisi. Aliinua vilima kumi na viwili vya mviringo, kila kimoja akakipa jina la mtu.

"Makaburi haya, mheshimiwa," alisema Tuntufye, katibu wa kijiji, kijana aliyetoka Mbeya mwezi uliopita tu. "Na hili ni langu! Amelitaja jina langu kwa kinywa chake. Nilipolisogelea, akaniinulia jembe. Tungoje mpaka aue?"

Hakimu Saad, mzee mfupi, akawageukia wanakijiji. "Wenyeji mnasemaje?"

Jirani yao Evaristi akaangalia vidole vya miguu yake. Hakuna Mfipa asiyejua vilima vile ni nini, ila nani ambishie katibu, aliyemweka mtu ndani juzi kwa kuchelewa shamba?

"Sheria hainiruhusu kumfungia mtu kwa kuwa anaongea peke yake," hakimu akasema. "Karatasi ya daktari inasema anaumwa, sawa. Mimi lazima nione mengine mawili. Je, ni hatari kwake au kwa wenzake? Na je, yupo wa kumtunza? Nani ana neno?"

Dominika aliacha shule darasa la nne, na hata huko aliona haya kujibu akiulizwa. Alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Chimbua, mzee!"

"Nani huyo?"

"Mimi. Shikamoo."

Watu wakacheka.

"Marahaba. Nichimbue kaburi, binti?"

"Si kaburi, ni ntumba. Chimbua hilo la katibu."

"Kwa nini langu?" Tuntufye aliruka.

"Usiogope, ndugu katibu," mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "wewe bado uko nje!"

Dominika hakungoja ruhusa. Alipiga magoti, akaparua udongo kwa mikono. Ndani yakatoka majani, yameanza kuoza, yana joto. Maneno nayo yakamtoka mbiombio. "Tunafukia majani mvua zikikaribia kuisha. Juu tunapanda maharage. Mwakani tunatawanya udongo, tunapanda ulezi. Ndiyo mbolea yetu!"

"Na jembe?" akauliza hakimu.

"Katibu alikuwa amesimama juu ya mbegu!"

"Kweli kabisa!" akadakia Stefania, yule mwanamke wa nyuma. "Nilikuwapo. Alimsukuma mguu kwa mpini, kama unavyofukuza kuku!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sasa kila mtu alikuwa na la kusema, na Evaristi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Hakimu akachuchumaa mbele ya Luciana, aliyekaa chini kando ya vilima vyake. "Mama, jina la katibu la nini?"

Luciana alimtazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa. "Kumi na moja ni za majirani zangu wa kule tulikohamishwa. Wametawanywa, sijui wanalima wapi. Na huyu kaja hana mke, hana shamba. Atakula nini?"

Tuntufye akapiga hatua nyuma, asikanyage mbegu.

"Ugonjwa nimeuona," hakimu akasema akiinuka. "Hatari sijaiona. Bado swali la pili. Nani atahakikisha anakula na kumeza dawa, na kila mwezi aje mahakamani Sumbawanga kunieleza hali yake?"

"Mimi," akasema Dominika.

"Mahakamani kuna watu wengi, binti. Utasimama mbele yao useme?"

Dominika aliwatazama watu waliojaa uwanja, wote macho kwake.

"Nimeshaanza, mzee."

Hakimu akatandaza karatasi ya kukubali kumtunza mgonjwa nyumbani juu ya boneti ya Landrova, akamkabidhi kalamu. Dominika akaandika jina lake kwa herufi kubwakubwa, mpaka likavuka mstari.