Kinanda cha Kanisa Kilivyomponza Haika

Mama Philippe aliniambia kwenye kituo cha basi, hapa ughaibuni, mtaani kwetu Thornton Heath, kwamba kuna binti mmoja amepoteza sauti kwa kuimba nyimbo za zamani za Wajerumani. "Koo limechanika, mama! Sasa akiongea anakwaruza kama jogoo." Nikamwambia huo ni uzushi. Lakini nililala nao, nikaamka nao.

Maana Haika wangu, miaka kumi na saba, alikuwa na usaili wa chuo cha muziki. Wimbo wake ulitungwa na mwanamke wa Kijerumani, zamani hizo wanawake wakiambiwa kutunga si kazi yao. Ni sauti moja na piano, basi. Katikati unapanda, unapanda, mpaka mishipa ya shingo inamtoka mtoto.

Shule ilikuwa imefungwa, akawa anafanya mazoezi kanisani, Geofrey, kijana wa kwaya yetu, akimpigia kinanda. Kile cha kanisa ni cha umeme, kina kitufe: ukibonyeza, sauti ya wimbo mzima inashuka, na mpigaji habadilishi vidole. Nikamvuta Geofrey pembeni.

"Baba, mteremshie mwenzio kidogo kidogo. Usimwambie."

"Mama Haika, utaniletea balaa."

"Kwani koo ni lako?"

Akashusha. Haika akawa anaimba bila mishipa, anacheka. "Mama, nimeuweza!" Nikamshukuru Mungu.

Siku ya usaili nilikaa nje ya mlango. Piano ya chuo haina kitufe, mpigaji anafuata karatasi. Nikausikia wimbo unaanza juu kuliko alivyozoea. Haika akaanza kuimba, akapotea. Wakaanza upya. Kufika kule juu, sauti ikakatika.

Akatoka analia. "Mama, koo langu lina nini?"

Nikamwambia ukweli pale pale kwenye korido. Akanijibu kwa Kiingereza chao, taratibu: wimbo ule upo pia kwenye karatasi ya sauti ya chini, unanunuliwa dukani. Angekwenda nayo na wasingemkataza. Ningesema tu.

Nafasi hakupata. Ajaribu mwakani. Sasa anafanyia mazoezi kwa rafiki yake, na hanialiki.

Akina mama wenzangu, epukeni:

Habari za koo zisizo na jina la mtu.

Kumshushia mtoto wimbo kwa siri. Muulizeni mwalimu wake.

Kuzoea kinanda kimoja tu.

Kukaa mlangoni.

Na maji ya barafu kabla ya kuimba. Hilo sina uhakika nalo, lakini epukeni.