Kipande cha Mwisho

"Sogea, mzee, unanikanyaga," mtu alifoka nyuma yake, na Dominic Tierney hakusogea. Angesogea wapi? Wanaume mia tatu walikuwa wamebanana ndani ya zizi, maana ndivyo makuli wa Liverpool walivyoliita lile banda la vyuma lisilo na paa kando ya Barabara ya Gati, na kila mmoja alikuwa ametundika kulabu begani ili nyapara aione. Mvua ilikuwa ikiwapiga tangu saa kumi na mbili. Ndani ya bandari kulikuwa na meli moja tu ya ngano.

Dominic alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alidai ana arobaini na minane. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alijipaka rangi nyeusi ya viatu kichwani, kwa sababu nyapara Crake hakuchagua mvi. Wazee wenzake walifanya hivyohivyo na hakuna aliyemcheka mwenzake. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika bila kuguswa bega. Ikiingia ya nne, makuli wangeacha kumwachia nafasi yake ya mbele, na hapo angekuwa mmoja wa wale wazee wanaokaa vizingitini kuomba vipisi vya sigara. Aliogopa kile kizingiti kuliko njaa.

Hatua nne kutoka kwake alisimama Leo Maddocks, mume wa binti yake Nora. Waliishi nyumba moja, wakila meza moja, lakini walifika zizini kila mtu kwa njia yake na hawakusalimiana. Sheria ya zizi ilikuwa hiyo. Humo ndani hamkuwa na mkwe wala jirani, na likitokea lolote halikutajwa mtu akishavuka geti. Hakuna aliyeomba radhi. Hata padri wa mtaa alijua asiulize.

Crake alipita kati yao akigusa mabega, na kila aliyeguswa alipewa kipande cha shaba chenye namba, ruhusa ya kazi ya siku ile. Alipofika kwa Dominic alisimama. Mvua ilikuwa imeyeyusha ile rangi, na michirizi myeusi ilishuka mpaka kwenye kola.

"Tierney," alisema Crake, "siku hizi unalia wino?"

Watu walicheka. Dominic naye alicheka, Mungu amsamehe. Crake akapita.

Kilibaki kipande kimoja. Crake alipanda jukwaani, akakiinua juu, akawatazama wale mia mbili na zaidi waliobaki. "Nimechoka kuchagua," alisema. "Chaguaneni wenyewe." Akakitupa katikati.

Kwanza hapakusikika sauti ya mtu, viatu tu juu ya mawe. Halafu vikaanza viwiko. Dominic alipigwa sikioni, akapiga asiyemwona, akaanguka magoti na mtu akapanda mgongo wake. Jirani yake alipigwa mpini wa kulabu puani, damu ikamrukia Dominic usoni. Alitambaa. Alivuta miguu ya watu. Alimkaba mtu koo mpaka akamwacha apite. Kule chini, kati ya viatu, aliona ngumi moja imefumba, na ukingo wa shaba ukichungulia kati ya vidole.

Alijaribu kuifumbua ikakataa. Basi akaipeleka mdomoni, akakita meno kwenye kidole gumba, akauma kama mtu anayekata kamba. Kitu kilikatika. Ngumi ikafunguka na kipande kikawa chake.

Ndipo akamwona mwenye mkono. Leo alikuwa amelala ubavu kwenye matope, kidole kinaning'inia, anamtazama. Hakutukana. Aliuficha mkono ndani ya koti.

Dominic angeweza kumrudishia. Aliwaza hivyo, nusu dakika nzima aliwaza hivyo. Lakini mkono ule usingeshika kulabu siku ile, na Crake alikuwa tayari anapiga makofi. "Tazameni! Babu ana meno!"

Alishuka ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli. Alibeba magunia kwa saa tisa, mgongo ukimwaka, ladha ya chuma mdomoni. Na la kumtia aibu zaidi ni kwamba alifurahi. Vijana walimpigia mluzi, wakamwita Mbwa Mzee, wakamsogezea chai. Jioni Crake alimgusa bega bila kuombwa.

"Kesho simama mbele," alisema. "Nampenda mzee anayeuma."

Alipofika nyumbani Nora alikuwa anapakua mchuzi wa viazi na nyama ya shingo, tumbo lake la miezi saba limegusa ukingo wa meza. Leo alikaa upande wa pili, mkono umefungwa kitambaa hadi kwenye kifundo.

"Daktari kasema kidole hakitakunjika tena," Nora alisema. "Nikamuuliza huyu, ananiambia eti mlango wa lori. Kidonda nimekiosha mwenyewe, Leo. Tangu lini mlango ukawa na meno?"

"Mlango wa lori," Leo alirudia.

"Unamficha nani? Mshenzi aliyekufanyia hivi kesho atakula, na mwanangu je?" Alimgeukia baba yake. "Baba, wewe ulikuwepo. Ni nani?"

Dominic alifungua mdomo. Alitaka kusema, na angesema. Jina lake mwenyewe lilikuwa limeshafika kooni. Leo akatikisa kichwa kidogo sana, akitazama sahani yake, kama kuli anavyomkataza kuli.

"Kulikuwa na watu wengi," Dominic alisema.

Nora alichota nyama yote iliyokuwa sufuriani, mapande matatu, akaiweka kwenye sahani ya baba yake. Kwenye sahani ya Leo aliweka viazi tu, akamkatiakatia kama mtoto.

"Wewe ndiye uliyefanya kazi leo, baba. Kula, kesho wakuchukue tena."

Dominic alitia pande moja mdomoni. Alitafuna na kutafuna, likazunguka huku na huku, halikushuka.

"Ngumu?" aliuliza Nora.

"Hapana, mama."

Leo alinyoosha mkono wa kushoto, akakigonga kikombe kwa kutouzoea, kisha akamsogezea mkwewe chumvi.