Bafta ya Ndege

Mwosha alipomaliza kumwosha mama yake Mwanakuu, alimfunika kwa shuka ya kitandani yenye viraka, akakaa kitako kungoja sanda. Sanda haikuwepo. Ile aliyojiwekea mama sandukuni alimpa jirani aliyefiwa mwanzoni mwa vita vya Wazungu, kwa ahadi ya kurudishiwa. Tangu hapo bafta, nguo ya sanda, ikaadimika madukani.

Jaffar, mume wa Mwanakuu, alikuwa amezunguka Mji wa Kale wote.

"Yeslam dukani kwake hana hata kipande," alisema. "Jora la mwisho aliliona likipelekwa Tononoka, kwenye lile jumba la makumbusho ya viumbe. Akil wa hapa Kibokoni ndiye karani wao. Nenda wewe, alikuwa akimpenda mama. Mimi wachimbaji wananingoja makaburini."

Mwanakuu akavaa buibui akaenda.

Siku hiyo watu walikuwa wakionyeshwa upande mpya wa jumba, uliojengwa kwa utafiti na kuhifadhia viumbe waliokusanywa. Akil alikuwa mbele, akiwatembeza Wazungu na wakubwa wachache wa mjini. Mwanakuu hakuweza kumfikia. Ikambidi afuate nyuma kama mgeni.

Chumba kilikuwa kikavu, hakina tone la unyevu ukutani. Kilinuka karafumaiti, kama nyumbani alikotoka. Akil akavuta droo. Ndege walilala chali, wamejazwa pamba machoni, kila mmoja amezungushiwa bafta nyeupe, mpya, ambayo haijawahi kuguswa na maji. Kulikuwa na korongo mrefu kama mtu, na kulikuwa na chiriku asiyezidi kidole gumba. Naye alikuwa na yake.

Mwanakuu aliona wivu. Aliwahi kuwaonea wivu mabibi harusi kwa mikufu yao, na mke wa Yeslam kwa mchele wake. Ndege aliyekufa, hakuwahi.

Wageni walipoinamia droo nyingine, akamvuta Akil kando.

"Akil, mwanangu, mama amefariki alfajiri."

"Innalillahi! Mungu amrehemu, Bi Mwanakuu. Alikuwa mama yetu sote."

"Amelala hana sanda. Nipe bafta."

Akil akatazama nyuma. "Imekuja kwa kibali cha Nairobi. Ikipungua, ninayefukuzwa ni mimi."

"Basi mvue yule korongo. Hataona baridi."

"Bi Mwanakuu, tafadhali. Teremsha sauti."

"Nguo yake inamtosha mtu, Akil! Wewe mama alikulisha."

"Alinilisha," Akil alisema. "Na mimi nina watoto wa kulisha."

Mwanakuu akashika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka bila sauti. Memsahib mmoja akamwona, akamgusa bega, akasema maneno mengi kwa upole. Akil akamjibu kwa Kiingereza.

"Anasemaje?"

"Amefurahi kuona unavyowahurumia ndege. Anasema wenyeji wengi hawajali."

"Nawe umemwambiaje?"

Akil akainamisha kichwa. "Nimemwambia ahsante."

Memsahib akatabasamu, akaonyesha droo ya chini kabisa, ifunguliwe Mwanakuu aione. Akil akapiga magoti akaivuta. Hamkuwa na ndege humo. Bafta ilikuwa imetandikwa pembe hadi pembe, haina kunyanzi hata moja.

"Hiyo ni ya ndege wa mwezi ujao," Akil akasema bila kumtazama. "Bado hawajapigwa risasi."