Kamba ya Nyuma

Mume wangu Torkel alikuwa ameshika kamba, anaitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu mapajani na mama mtu kaondoka. Mbele yetu lango la maji la Forsvik lilikuwa wazi, taa imegeuka kijani, na boti iliyotufuata ilikuwa imeanza kutukaribia. Nilimwita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama ninayemkumbusha kahawa. Akashtuka, akageukia usukani, tukaingia bila kugusa ukuta. Rafiki yetu Stellan akampigia makofi.

"Nahodha wetu bado yumo," alisema. "Sisi wengine tunazeeka tu."

Nikacheka pamoja nao. Safari nzima nilikuwa nacheka hivyo, kicheko cha mdomoni, huku roho iko juu.

Barafu ilipoanza kuyeyuka ziwani kwetu, daktari alituambia kwamba kumbukumbu za Torkel zinaondoka na hazitarudi. Torkel akaniomba jambo moja: nisimwambie mtu mpaka tumalize safari ya kiangazi. Tumekuwa tukipita mfereji huu na Stellan na mkewe Yvonne tangu watoto wetu hawajaanza shule, na hakutaka wamtazame njia nzima kwa macho ya huruma. Alisema angewaambia mwenyewe tukirudi. Nikaahidi. Ilikuwa rahisi kuahidi nikiwa jikoni kwangu, miguu imekanyaga sakafu. Sasa lilikuwa limebaki lango hili, na kesho yake tulikuwa tulivuke ziwa Vättern, maji mapana ambayo hukasirika kabla hujamaliza kufunga madirisha. Yvonne hajui kuogelea. Alikuwa anakwenda kuyaweka maisha yake mikononi mwa mtu ambaye asubuhi ile alimwita kwa jina la marehemu wifi yangu, nami nikarukia mazungumzo na kuyageuza mzaha.

Lango la mfereji ni kama chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma: boti huingia, maji yakajazwa au kupunguzwa, nayo ikapanda au kushuka. Tangu tuanze safari, kila lango lilikuwa limetupandisha. Ukipanda, kazi yako ni kuvuta kamba inayolegea. Hata ukiifunga kidogo ili upumzishe mkono, si neno, itazidi tu kulegea. Forsvik ndipo boti huanza kushuka. Hapo kamba iliyopitishwa juu ukutani huzungushwa kwenye chuma cha ukingo wa boti na kuachiwa taratibu, wala haifungwi kamwe. Ikifungwa, maji yatatoka chini ya boti na kuiacha inaning'inia ukutani kama koti. Mahubiri hayo ni ya Torkel mwenyewe. Huyatoa kila kiangazi, na Stellan huitikia amina.

Nilikaa omo, kwenye pua ya boti, na kamba ya mbele. Torkel, aliyekuwa tezi, huko nyuma karibu na usukani, alishika ya nyuma. Stellan na Yvonne walisimama katikati, wanaizuia boti isikwaruze mawe. Milango ikafungwa nyuma yetu, maji yakaanza kutoka, na kuta zilizolowa zikawa zinapanda pande zetu zote mbili. Nikasikia kamba inalia. Kwanza nikaangalia yangu. Ilikuwa inateleza vizuri. Kisha kikombe kikabingirika kikapasuka miguuni pangu, nami nikaona kwamba ninateremka peke yangu. Omo ilikuwa inakwenda na maji. Tezi ilikuwa imebaki juu.

"Torkel, achia kamba," Stellan alisema. "Torkel. Achia, bwana."

Torkel alikuwa ameweka mikono kwenye usukani, anatazama mbele kwa utulivu wa mtu anayesubiri taa za barabarani. Yvonne akateleza, mkono wake ukagonga reli, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaiachia kamba yangu, nikapanda kwa magoti hadi nyuma. Fundo lilikuwa limekaza kama jiwe. Nikachukua kisu cha mkate, nikakata. Boti ikaanguka kwa kishindo, maji yakaturukia sote.

Mwanamke anayeendesha lango alikuwa ameshayazuia maji. Akainama juu ya ukuta.

"Mko salama? Nani kaifunga hiyo?"

"Mke wangu," Torkel alisema kwa upole. "Alijisahau. Tusamehe, mama."

Nikamtazama. Namjua Torkel akidanganya: hushika sikio. Hakushika sikio. Alikuwa anasema kile alichokiona.

"Ndiyo," nikasema. "Nilijisahau."

"Shemeji Gunvor," Stellan akasema, bado anahema, "miaka yote hii ya mahubiri, kumbe ulikuwa unasinzia kanisani?"

Yvonne hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mkono wake, ananitazama.

Tulipotoka tukaegesha gatini, na wale wawili wakaenda kutafuta samaki wa moshi kwa chakula cha jioni. Torkel akachukua kipande cha kamba niliyoikata, akakaa ubavuni pangu.

"Njoo nikuonyeshe," alisema. "Unazungusha hivi. Mkono huu unashika, huu unaachia. Usiione haya, hata mimi zamani nilikosea."

Akaweka mikono yake juu ya yangu. Mikono ile haikukosea hata kidogo. Ilizungusha na kuachia vizuri kuliko ya mtu yeyote kwenye mfereji ule. Nilimpenda na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

"Kesho huko Vättern wewe pumzika," akaendelea. "Mengine niachie mimi."

"Torkel," nikasema, "mimi nilikuwa mbele."

"Wapi?"

"Pale langoni. Nilishika kamba ya mbele. Iliyofungwa ni ya nyuma."

Akatabasamu, akitaka kunirekebisha. Kisha akaangalia omo, akaangalia tezi, akaangalia usukani aliokuwa ameushika, hatua moja tu kutoka chuma cha nyuma. Tabasamu likamkauka.

"Yvonne ameumia?"

"Mkono umevimba."

"Kwa sababu yangu?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, nimeshazoea. Nikaumeza.

"Ndiyo. Na niliahidi, mume wangu, lakini siwezi kulivuka ziwa lile nikiwa kimya."

Aliendelea kuizungusha kamba, kuiachia, kuizungusha. Sikujua kama amekasirika au ameshaondoka tena. Wenzetu wakarudi, wakavua viatu gatini na kuingia. Stellan alianza kusimulia jambo la muuza samaki, lakini Torkel akainua kiganja.

"Kaeni kwanza," alisema. "Gunvor ana neno."

Yvonne akaweka samaki mezani kwa mkono wake mzima, akakaa. Torkel akanigeukia, macho yamemwiva.

"Sema sasa hivi," akaniambia, "kabla sijasahau kwamba nimekuruhusu."