Matundu ya Sindano Yaliyohama

"Mimi sikuyaalika," jirani alisema, mikono kiunoni. "Yamekuja yenyewe, yamejipanga kabatini kwangu. Matundu ya sindano thelathini na mawili, shoga. Mimi nisiyejua hata kutia kifungo, niyafanyie nini?"

"Na mistari ya futi yangu?" aliuliza fundi cherehani.

"Iko juu ya friji. Na vijiwe vya mchele wako viko sufuriani mwangu. Jana mume wangu kavunja jino."

Mtaa mzima ulijua: kitu usichokiona hakikai kwako, huhamia kwa anayekiona. Fundi alikuwa ameshona miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha sare. Kila Januari mashine yake ilikaguliwa, ikatiwa mafuta, ikabandikwa karatasi ya kijani. Macho yake hayakukaguliwa na mtu. Na Ijumaa hii msimamizi angepima kola za kila mmoja. Mwenye mshono uliokwenda upogo asirudi Jumatatu.

"Mara ya mwisho kupimwa macho lini?" jirani aliuliza.

"Mimi siumwi macho."

"Sijakuuliza kama unaumwa. Gari nalo haliumwi, na gereji linapelekwa."

Kesho yake jirani akamkokota hadi kliniki, akiisimulia foleni nzima mkasa wa jino. Kwenye kadi ya ukutani fundi alisoma herufi kubwa. Zile ndogo zilikuwa zimeshaingia kwenye mkoba wa jirani. Mpimaji alibadilisha lenzi moja baada ya nyingine; kwenye ya tano, herufi zikatoka mkobani na kupanda ukutani, kila moja mahali pake. Kisha akammulika ndani ya jicho.

"Presha ya jicho la kushoto imeanza kupanda," alisema. "Hii haiumi, mama. Inakuibia kimyakimya. Tumeiwahi. Utatumia dawa ya matone, na kila mwaka nikuone hapa."

Waliporudi, miwani puani, matundu ya sindano yalikuwa yamepanga foleni mlangoni kwa jirani. Yakavuka uchochoro, mistari ya futi nyuma yake. Mwisho kabisa lilikuja tabasamu la marehemu mume wa fundi, likaingia kwenye picha yake ya ukutani. Hilo jirani hakuwahi kulitaja, kwa adabu.

Ijumaa msimamizi alizipima kola za fundi mara tatu, akitafuta kosa. Akakosa. Mafundi wakapiga vigelegele hadi vioo vikatikisika. Msimamizi akaipapasa mashine.

"Mashine nzuri hii," alisema, akaibandika karatasi nyingine ya kijani. Kwenye fomu yake hapakuwa na sehemu ya macho.

Jioni ile fundi alifungua kabati lake la sahani. Ndani mlikuwa na matundu ya vifungo kumi na manne, wala si yake. Hodi ikapigwa. Alikuwa mwenzake wa meza ya vifungo, ameinamisha kichwa.

"Dada, nimesikia matundu yangu yako huku."

"Yapo, na hayana shida. Kesho asubuhi tunakwenda kupima," fundi alisema, akimsogezea kiti. "Ingia ule kwanza. Mchele wangu sasa nauchambua mwenyewe."